Usikimbilie tanuri: kwa anayeanza kutafuta madini ya sumaku kwenye miamba metamofiki

Kama ndiyo kwanza unaingia maabara, najua kinachokuvuta: tanuri inayopima usumaku huku sampuli ikipata moto. Unasaga mwamba kidogo, unaupasha hadi digrii 700 za Selsiasi, kisha unatazama mstari wa mchoro umeporomoka wapi, yaani usumaku umepotea kwenye joto gani. Kila madini ya sumaku yana joto lake. Pirotiti huanguka karibu na 320, magnetiti 580, hematiti 680 hivi. Nani asiyependa jibu la haraka namna hiyo?

Mimi iliniponza. Nilikuwa na shisti ya kijivu, mwamba metamofiki (uliogeuzwa na joto na mgandamizo), yenye punje za rangi ya shaba iliyofifia. Mstari ukaanguka kwenye 580, nikaandika "magnetiti", nikafunga daftari. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: mbona mstari wa kupoa umepanda juu sana kuliko wa kupasha? Mwamba usipobadilika, mistari hiyo miwili hulaliana. Tukachukua kipande kilichosalia, tukakitia kwenye hadubini: pirotiti na piriti tele (zote ni salfidi, yaani madini ya chuma na salfa), magnetiti hata punje moja. Ile niliyoipima niliipika mwenyewe, kwa kuchoma salfidi hewani. Kwenye 320 palikuwa na kashuko kadogo, ndiko kalikobeba jibu, nami nilikadharau.

Kwa hiyo anza na vya bei rahisi. Funga sumaku ndogo kwenye uzi, isogeze jiweni, uone inavyovutwa. Chora punje kwenye kigae cha kauri kisicho na rangi ya kung'aa: magnetiti huacha unga mweusi, hematiti huacha mwekundu wa kahawia hata kama yenyewe inameta kama chuma. Ilmeniti, madini ya chuma na titani, itakusumbua, maana ni nyeusi na mara nyingi imekumbatiana na magnetiti. Hapo hadubini haina mbadala. Tena, punje ya rangi ya shaba isiyovutwa usiibatize piriti papo hapo. Pirotiti ina aina mbili kuu, na ile yenye fuwele za heksagoni haivutwi kwa nguvu.

Kusaga nako kuna mtego. Tumia kinu cha akiki, si cha chuma. Marumaru safi ya kalsiti kwa kawaida husukumwa na sumaku, tena kidogo mno. Ukiona inavutwa na mstari unaanguka karibu na 770, hicho ni chuma cha kinu chako.

Ukifika kwenye tanuri, panda kwa ngazi: pasha hadi 350, poza, linganisha mistari, kisha 450, kisha 550. Mistari inapoachana, hapo ndipo mwamba ulipoanza kugeuka. Gesi ya argoni husaidia, lakini haizuii kila badiliko. Kama kuna kifaa cha baridi kali, magnetiti safi hujitambulisha karibu na digrii 153 chini ya sifuri, bila kuchoma chochote.

Na kabla ya yote, tenga nusu ya unga, uandike "haijachomwa" kwa wino usiofutika. Vikopo viwili vya unga wa kijivu havitofautiani kwa macho.