Maswali ya Wasomaji: Macho, Kisukari na Presha

Baba ana kisukari lakini anasema anaona vizuri

Shikamooni. Baba yangu ana miaka 58 na aligundulika na kisukari miaka 7 iliyopita. Tukimwambia aende kliniki ya macho anakataa, anasema siku hizi hata uzi anautunga kwenye sindano bila miwani. Tena miwani yake leo inamfaa, wiki ijayo inamkataa. Tumpeleke au tumwache?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba. Mpelekeni. Hiyo sindano anayojivunia ndiyo inayotutia wasiwasi. Mtu wa miaka 58 kwa kawaida huhitaji miwani ya kusomea ya +2.00 hadi +2.50. Akianza ghafla kuona vya karibu bila miwani, mara nyingi lenzi ya jicho imebadilika: ama sukari iliyopanda imeifanya ivute maji na kuvimba, ama mtoto wa jicho ameanza. Sukari ikishuka, uvimbe nao hupungua, na miwani iliyopimwa wakati ule haimfai tena. Asinunue nyingine mpaka sukari iwe imetulia kwa wiki 4 hadi 6.

Kubwa zaidi liko nyuma ya jicho, kwenye retina, yaani utando unaopokea picha. Sukari ikikaa juu muda mrefu hudhoofisha kuta za mishipa midogo ya damu. Mingine huvuja, mingine huziba, na jicho huotesha mipya isiyo imara ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani. Hatua za mwanzo haziumi wala hazileti ukungu. Mtu anaweza kusoma mstari wa chini kabisa wa chati akiwa mita 6, huku retina inavuja. Ndiyo maana kusomeshwa herufi pekee hakutoshi.

Kwenye kliniki yake ya kisukari ombeni rufaa ya kupimwa retina, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa matone. Mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa kupimwa hivyo anapogundulika tu, kisha kila mwaka. Siku hiyo ale na atumie dawa zake kama kawaida. Wapo wanaokuja na njaa wakidhani ndivyo inavyotakiwa, sukari ikawashukia kwenye foleni. Abebe kadi ya kliniki, majibu ya karibuni ya sukari na presha, dawa zote na miwani yake. Matone huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na ukungu huweza kudumu saa kadhaa baadaye. Asiendeshe gari wala pikipiki, na kofia itamsaidia juani.

Hospitali ya karibu ikikosa daktari wa macho, ulizeni rufaa ya mbele. KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam wana huduma hizo. Wakikuta uharibifu, tiba ni leza au sindano ya ndani ya jicho. Lengo kubwa ni kuzuia upofu, na uoni uliokwisha kupotea haurudi wote. Tunasisitiza hili kwa sababu wagonjwa wengi huacha baada ya duru ya kwanza wakiona "hakuna nafuu", na hapo ndipo jicho linapopotea.

Jambo moja zaidi: mishipa ya figo ni midogo vilevile na huumia kwa namna hiyohiyo. Retina ikikutwa na hitilafu, mkojo wake upimwe protini na presha ifuatiliwe kwa karibu.

Nameza dawa za presha, mbona nina presha ya macho?

Habari zenu. Nimeanzishiwa matone ya presha ya macho. Dawa za presha nameza miaka mingi, kwa nini hazikunikinga? Na chupa ikiisha niendelee?
*Msomaji, Tanga*

Jina linawachanganya wengi. Presha ya macho, yaani glakoma, huhusu maji yanayozunguka ndani ya jicho. Kipimo cha kawaida ni 10 hadi 21, na hakilingani na kile cha mkononi. Endelea na dawa zote mbili. Matone haya mara nyingi ni ya maisha. Ukiacha, mshipa wa fahamu wa jicho huendelea kufa bila maumivu.

Weka tone moja tu, fumba jicho, bonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika 2 ili dawa isishuke kooni. Kama una aina mbili, subiri dakika 5 katikati. Chupa nyingi, zikishafunguliwa, hazitumiki zaidi ya wiki 4. Kama una pumu, mwambie daktari leo, kwa sababu timololi, mojawapo ya matone haya, inaweza kukubana kifua. Na ndugu zako wa damu waliofika miaka 40 wapimwe pia.

Matone ya duka la dawa

Mwanangu wa miaka 9 macho humuwasha. Dukani waliniuzia matone yanayomtuliza upesi, nami nanunua kila mwezi. Kuna ubaya?
*Msomaji, Dodoma*

Upo. Soma lebo: ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi. Hutuliza haraka, lakini ikitumika miezi mfululizo bila usimamizi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho hata kwa mtoto mdogo. Usinunue chupa nyingine. Mpeleke wiki hii apimwe presha ya jicho, na uende na chupa hiyo.