Walifukuzwa na nani? Kwa wadogo zangu mnaoanza kuandika historia ya Göttingen

Wadogo zangu, nimemaliza rasimu zenu tatu usiku wa kuamkia leo, na baada ya hapo usingizi ukanikataa. Mmesoma sana, kuliko nilivyosoma mimi muhula wangu wa kwanza, na hilo limenifurahisha. Kilichonikosesha usingizi ni ukurasa mmoja unaojirudia katika rasimu zote tatu. Niliwahi kuuandika mwenyewe, karibu neno kwa neno.

1. Tarehe. Mihadhara ya Chuo Kikuu cha Göttingen, hapa Ujerumani, ilianza 1734, uzinduzi rasmi ukafuata 1737. Zitajeni zote mbili mara moja, kisha mwendelee na kazi.

2. Mwandiko wa Kurrent, ule wa mkono wa Kijerumani cha zamani, unataka nusu saa kila siku kabla ya chai. Ukikaa nao saa sita mfululizo mara moja kwa mwezi, hautakuzoea. Na namba ya jalada ionekane ndani ya picha unayopiga, jamani! Picha isiyo na namba ni karatasi iliyopotea.

3. Chuo si orodha ya majina makubwa. Wanahisabati Gauss, Riemann, Hilbert, tumewasikia. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyemwandika Münchhausen, aliyekisimamia chuo tangu mwanzo na kuwanyima wanateolojia mamlaka ya kukagua maandishi ya vitivo vingine? Bila uamuzi ule, na bila maktaba iliyonunua vitabu kwa mpango ili visomwe, sijui hao wakubwa wangekuja kufanya nini katika mji mdogo kama huu.

Halafu mwanahisabati Emmy Noether. Rasimu moja inamwita profesa tangu 1915. Najua umeandika hivyo kwa kumheshimu, lakini hebu tazama unachokifuta. Mwaka 1915 alikuja kwa mwaliko wa wanahisabati Klein na Hilbert, na wapo waliomkatalia haki ya kufundisha kwa sababu ni mwanamke. Mihadhara yake ikatangazwa kwa jina la Hilbert. Haki ile aliipata 1919, cheo cha profesa 1922, tena bila mshahara wa cheo hicho. Ukimpa uprofesa mapema, umewasamehe waliomnyima, na wao hawakukuomba msamaha.

4. Sasa ule ukurasa. Nyote mmeandika hivi: sheria ya 7 Aprili 1933, ile ya Wanazi ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma, ilipitishwa, wanataaluma wa Kiyahudi wakasimamishwa, wakafukuzwa, taasisi ya hisabati ikabomolewa. Hesabuni vitenzi vyenye -w-. Kijerumani kina wurde, neno la kuonyesha kutendwa, sisi tuna silabi moja tu katikati ya kitenzi, na ndani ya silabi hiyo mji mzima unaweza kujificha.

Muhula wangu wa tatu niliwasilisha mada hiyohiyo mbele ya kolokwiamu, kikao cha kujadili utafiti. Niliongea dakika arobaini. Watu wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akaniambia Kijerumani changu kimekomaa. Kisha mama mmoja mzee, aliyezoea kuja kusikiliza mihadhara ya wazi, akainua mkono kutoka safu ya nyuma. Akauliza: walifukuzwa na nani?

Nikajibu, na serikali.

Akasema serikali ilikuwa Berlin. Hapa mjini, nani alifanya nini?

Nilinyamaza. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba jibu nilikuwa nalo mkobani. Miezi miwili kabla nilikuwa nimetoa nakala ya habari za James Franck, profesa wa fizikia hapa. Huyu alipigana Vita vya Kwanza, kwa hiyo sheria ile ilimwacha. Tarehe 17 Aprili akajiuzulu mwenyewe kupinga walivyotendewa wenzake, na barua yake ikatoka gazetini. Siku chache baadaye wahadhiri 42 wa chuo hikihiki walitia saini tamko la kumlaani, wakisema kitendo chake ni hujuma. Wahadhiri arobaini na wawili! Hakuna waziri aliyewashika mkono. Tarehe 25 telegramu ikawasimamisha sita, wakiwemo Born, Courant na Noether. Na tarehe 2 Novemba, Edmund Landau alipokuja kufundisha, wanafunzi walimsusia darasa, na aliyewaongoza, Oswald Teichmüller, alikuwa kijana wa miaka 20. Umri wa wadogo zetu nyumbani.

Yote hayo nilikuwa nayo, na nikayaacha. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba muda ulinibana. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa mgeni, nasoma kwa ufadhili wao, nakula mezani kwao, na nimelelewa kwamba mgeni hapekui vyumba vya mwenyeji. Wajukuu wa wale waliotia saini huenda bado wananunua mkate tunakonunua sisi. Nikaona heshima ni kutowataja. Ile -w- ikanipa mahali pa kuiweka heshima hiyo.

Yule mama alisema jambo moja zaidi: baba yake alikuwa akifundisha hapa, na majirani waliacha kumsalimia kabla barua yoyote haijafika. Akaketi. Hakurudi tena kwenye kolokwiamu yetu, na mimi sikuwa nimemwuliza hata jina lake. Sura ile niliiandika upya mara nne, kila mara nikimjibu yeye.

5. Jibu maarufu la Hilbert kwa waziri, kuhusu hali ya hisabati hapa baada ya Wayahudi kuondoka, linasimuliwa kwa maneno tofauti tofauti. Msiliwekee alama za kunukuu.

6. Wale Saba wa 1837, maprofesa wa hapa waliopinga mfalme Ernst August kufuta katiba, mmewasifu vizuri. Ongezeni kwamba Gauss hakusaini, ingawa kati ya hao Saba Weber alikuwa rafiki yake na Ewald mkwe wake. Simwambii mtu amhukumu. Aandikwe tu.

Na kwa mwenzetu wa Uganda, ambaye daktari wa Kijerumani Robert Koch kwako ni mstari mmoja tu: alihitimu udaktari hapa 1866. Miaka arobaini baadaye yuko visiwa vya Ssese, anawadunga wagonjwa wa malale dawa ya Atoxyl, na baadhi yao wakapofuka. Umeandika "dawa ilitolewa". Wewe kwenu ni huko, dada yangu.

Rasimu nitazirudisha Alhamisi. Kila kitenzi chenye -w- kisicho na mtendaji nimekizungushia duara kwa penseli. Njooni na majina.