Miaka 52 na ualimu wa yoga

Dada unayeuliza kama kwa miaka 52 umechelewa kusomea ualimu wa yoga, hujachelewa, hakuna umri wa mwisho. Yoga Alliance ya Marekani, wale wenye rejista ya walimu wa yoga inayojulikana sana, wanachotaka ni umalize kozi ya masaa 200 kwenye shule waliyoisajili, mambo ya una miaka mingapi hayamo. Mi mwenyewe nilimaliza nikiwa na 56 na sasa hivi darasa langu limejaa kina mama wa rika langu, wananiambia kabisa wanajisikia huru kwa mtu ambaye naye goti linamuuma. Na kuna Tao Porchon-Lynch, huyo 2012 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walimtambua kama mwalimu wa yoga mwenye umri mkubwa kuliko wote duniani, alikuwa na 93, ingawa yeye alianza kufundisha zamani sana.

Ila kama una presha au presha ya macho mwambie mkufunzi kabla hujaanza, mapozi ya kichwa chini miguu juu achana nayo, yapo mengine kibao ya kufundisha. Na usikimbilie kozi za wiki 3, mwili wa umri wetu unataka muda wa kupumzika, tafuta ya wikendi hata ikichukua mwaka.