Kasisi mwanamke wa kwenye televisheni na kasisi wa parokia

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mdogo wangu anaishi kijijini Uingereza, na mwanawe wa kike atabatizwa katika kanisa la Anglikana la hapo. Kasisi wao ni mwanamke. Nimeombwa niwe mama wa ubatizo. Makasisi wanawake nimewaona kwenye vichekesho vya televisheni tu: wanatania, wanakula keki, wanakwenda mikutanoni. Je, huyu ni kasisi kamili? Ubatizo wake ni halali? Na siku zisizo Jumapili anafanya nini?

JIBU: Amina, dada yangu. La ubatizo ni fupi. Maji yakitumika, na mtoto akabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, amebatizwa. Mtoto akiwa hatarini kufa, hata mlei anaweza kumbatiza. Kwa hiyo jinsia ya kasisi haigusi uhalali wa ubatizo wa mtoto wenu.

Kuhusu ukasisi wake, Kanisa la Uingereza lilianza kuwaweka wanawake ushemasi mwaka 1987. Sinodi Kuu, yaani bunge la kanisa hilo, ikapitisha ukasisi wa wanawake Novemba 1992, na tarehe 12 Machi 1994 wanawake 32 wakawekewa mikono katika kanisa kuu la Bristol. Libby Lane akawa askofu wa kwanza mwanamke wa kanisa hilo Januari 2015. Katika ushirika mzima wa Anglikana jambo hili ni la zamani zaidi: Florence Li Tim-Oi alifanywa kasisi mwaka 1944, wakati wa vita, kwa sababu Wakristo wa Makau, pwani ya China, hawakuwa na kasisi wa kuwapa Ushirika Mtakatifu. Wapo Waanglikana wasiokubaliana nalo kwa dhamiri, na baraza la parokia linaweza kupitisha azimio la kuomba huduma ya kasisi mwanamume. Parokia ya mdogo wako ina kasisi mwanamke, basi hapo swali limekwisha jibiwa.

Sasa televisheni. Kichekesho kilichowajulisha wengi sura hii ni cha BBC, The Vicar of Dibley, kilichoanza mwaka huohuo wa 1994. Sikilaumu, kiliwazoesha watu mengi. Lakini kinapotosha mahali ambapo mtazamaji hashuku. Lile baraza linaloketi kila mara ni serikali ya kijiji, chombo cha kiraia, si baraza la kanisa. Tena kasisi ana kijiji kimoja tu! Vijijini Uingereza, kasisi mmoja mara nyingi hubeba parokia nne, sita au zaidi, kila moja na jengo lake la kale, wasimamizi wake wawili, baraza lake na hesabu zake. Ndiyo maana Jumapili hawezi kuwa kila mahali, na ibada nyingine huongozwa na walei waliopewa leseni.

Tamthilia hukosea pia daraja. Mhudumu mpya huwa shemasi kwanza, kwa kawaida mwaka mzima, na shemasi hawezi kuadhimisha Ekaristi, kutamka ondoleo la dhambi wala kutoa baraka ya kikasisi. Tazama stola, kile kitambaa kirefu chembamba cha ibada: shemasi huivaa kimshazari kutoka bega la kushoto, kasisi huiacha ining'inie pande zote mbili mbele. Na wapenzi wanaoamua leo na kufunga ndoa wiki ijayo? Bila leseni ya kanisa, kwa kawaida haiwezekani. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, katika parokia ya kila mmoja wao, na matangazo hudumu miezi mitatu. Wakikawia zaidi ya hapo, yanaanza upya.

Kasisi anapokabidhiwa parokia, askofu humpa uchungaji wa roho ulio wa wote wawili, askofu na kasisi. Roho hizo ni za wakazi wote, wasiokanyaga kanisani wakiwemo. Nao wana haki ya kumwomba ndoa na mazishi. Sheria ya kanisa inamtaka asali sala ya asubuhi na ya jioni kila siku, awe na watu au peke yake. Hili kamera haina subira nalo.

Mazishi ndiyo yanayokula wiki yake. Huitembelea familia kabla ya ibada, na kazi kubwa pale ni kuuliza: marehemu aliitwaje hasa, nani hasemi na nani, kuna mtoto au mke wa awali ambaye hakutajwa? Asipouliza, atataja jina ambalo hakuna aliyelitumia, au kumruka mtu aliyeketi kiti cha mbele. Kwenye nyumba za kuchomea maiti muda ni mfupi, mara nyingi kama nusu saa, na wasemaji wawili waliojitokeza bila kupangwa wanatosha kuuchelewesha msiba unaofuata. Baada ya hapo kuna wagonjwa wanaopelekewa Ushirika nyumbani, shule, na paa linalovuja, ambalo halifanyiwi ukarabati mkubwa bila kibali cha dayosisi. Ukimwona mkutanoni na kipande cha keki, pengine ndicho chakula chake cha mchana.

Kwa upande wako: mtoto wa kike anatakiwa awe na wadhamini watatu au zaidi, wanawake wawili angalau na mwanamume mmoja; ikishindikana, mama mmoja wa ubatizo na baba mmoja wa ubatizo wanatosha. Lazima wewe mwenyewe uwe umebatizwa. Kipaimara nacho hutakiwa, ingawa kasisi anaweza kukusamehe hilo. Chukua cheti chako mapema kwa mchungaji wako, umtumie mdogo wako nakala. Ubatizo wenyewe hauna ada. Mwambie amuulize kasisi mapema siku ya mafundisho ya wazazi na wadhamini, na kama unaweza kushiriki kwa simu ikiwa bado hujasafiri.