Mvuvi anayetaka kuacha pombe azijaze vipi saa zake?

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Mimi ni mvuvi wa dagaa katika mwalo mmoja wa Ilemela, Mwanza. Nimekunywa gongo na bia kwa miaka mingi, na kila nikiacha narudi, hasa tunapopumzika wakati wa mbalamwezi. Nimeambiwa mnywaji haipokelewi swala yake siku arubaini, nikaona nisirudi msikitini mpaka niwe nimeacha kabisa. Nifanye nini kila siku nisirudie? Na je, niache uvuvi?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, kuhusu swala umefikishiwa nusu ya maneno. Hadithi ya siku arubaini imo kwa at-Tirmidhi na wengineo, na ndani yake Mtume (s.a.w.) anasema pia kwamba mtu huyo akitubu, Allah huipokea toba yake. Wanavyuoni wameeleza kuwa anayekosa ni thawabu, ama faradhi haimwondokei hata siku moja, na anayeiacha swala kwa sababu amekunywa amejiongezea dhambi kubwa juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo usisubiri. Rudi msikitini leo, maadamu akili yako iko timamu.

Lakini kabla ya kuacha, uangalie mwili wako. Ikiwa unazimua kila asubuhi ili mikono itulie, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako kambini. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku anaweza kuanza kutetemeka na kutokwa na jasho saa chache tu baada ya kuacha, akaanguka kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akachanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo inaweza kuua. Nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapo Mwanza, umweleze daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza, kwa kuwa dawa ya kukuvusha siku hizo ipo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na kwenda hospitali hakupunguzi tawakkul yako, yaani kumtegemea Allah.

Sasa nije kwenye mazoea ya kila siku, na hapa naomba tutazame jinsi Allah alivyowaongoza Maswahaba, kwani pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Kabla ya katazo la mwisho katika Suratul Maida, iliteremka Aya ya 43 ya Suratun Nisaa: "Enyi mlioamini! Msikaribie Sala, hali mmelewa, mpaka myajue mnayoyasema." Tazama kilichotokea. Kuanzia adhuhuri mpaka isha swala zinafuatana kwa karibu, na anayekunywa katikati huenda asilevuke kabla ya adhana nyingine, hivyo sehemu kubwa ya siku ilifungika kwa pombe hata kabla haijaharamishwa moja kwa moja. Leo hukumu ni haramu tupu, kidogo chake na kingi chake, ila mafunzo ya malezi yamebaki: zijue saa zako za hatari, uzifunge kwa ibada na kazi.

Saa yako ya kwanza ni asubuhi, mnapotoka ziwani na dagaa wameuzwa, mfukoni mna pesa na mwili umechoka. Mwombe tajiri wako fungu lako litumwe moja kwa moja kwenye simu ya mkeo, nawe ubaki na nauli na ya chai. Jua likishapanda swali rakaa mbili za dhuha, kula chakula cha moto, kisha ulale. Usiongeze mengine mengi kwa mwanzo, kwani amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa chache.

Saa ya pili ndiyo uliyoitaja mwenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukikomaa mnapumzika, siku hizo hizo ndizo Mtume (s.a.w.) alizohimiza kufunga, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Mimi naona hii ni rehema kubwa kwa wavuvi wa ziwa letu. Daktari akikuruhusu, na si kabla, funga siku hizo tatu, futuru msikitini pamoja na wenzako, na mchana shona nyavu au uwe na watoto wako.

Ukiteleza, usikae mpaka Ijumaa ijayo. Levuka, tawadha, swali, umwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo. Kuna Swahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, mtu mmoja akamlaani, na Mtume (s.a.w.) akakataza, akasema kuwa mnywaji yule anampenda Allah na Mtume wake. Hadithi hii imo kwa al-Bukhari, na ningependa mkeo na ndugu zako nao waisikie.

Uvuvi ni riziki ya halali, usiuache. Ila ikiwa wenzako wa mtumbwini wanakunywa, hama. Yule aliyeua watu 99 na kisha mmoja zaidi, alipotaka kutubu aliambiwa na mwanachuoni aihame nchi yake aende kwa watu wanaomwabudu Allah. Wewe huhitaji kwenda mbali hivyo. Tafuta mtumbwi wenye wavuvi wanaoswali, na uutafute sasa mkiwa mapumzikoni, kabla giza halijarudi na wavuvi hawajapangwa.

Wallahu a'lam.