Hanikumbuki, Lakini Mkono Wangu Ameusahihisha

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, aliyepoteza kumbukumbu zake bado ni mtu yule yule?", nimelisoma nikiwa nimeketi kando ya mama yangu mzazi, ambaye huu ni mwaka wa tatu ana maradhi ya kusahau, na ambaye asubuhi hiyo aliniuliza kwa adabu kubwa mimi ni mtoto wa nani.

John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1694 kwamba mtu huishia pale fahamu yake inapoweza kufika inaporudi nyuma, yaani kwenye yale anayoyakumbuka. Thomas Reid wa Uskoti alimjibu mwaka 1785 kwa mfano wa mtoto aliyechapwa kwa kuiba matunda, akakua akawa ofisa aliyeteka bendera ya adui, na uzeeni akawa jenerali. Ofisa anazikumbuka zile fimbo. Jenerali anaikumbuka bendera, ila fimbo amezisahau kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ndiye ofisa, na ofisa ndiye mtoto, lakini jenerali siye mtoto, jambo lisilowezekana. Hoja hiyo yatosha kuonyesha kasoro ya kanuni, ingawa hainiambii huyu aliye mbele yangu ni nani.

Mama alikuwa msusi wa mikeka. Majuzi nilisuka ukili wa ukindu, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, kwa pupa, nikamwekea mapajani ili mikono yake ipate shughuli. Aliupapasa polepole, akafika nilipokosea kupishanisha kindu, akaufumua hadi hapo, akausuka upya bila kuutazama, kisha akaushika mkono wangu wa kulia na kuukalisha sawa, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa na miaka 9. Jina langu halimo tena kichwani mwake. Namna yake ya kufundisha bila kusema neno ingali ile ile, na mimi siwezi kuiita masalia ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Wapo wanaosema mgonjwa wa namna hii huhifadhiwa na jamaa zake, wanaokumbuka kwa niaba yake, na msemo "mtu ni watu" huletwa kuwa ushahidi. Naukubali kwa sehemu. Lakini nauogopa pia, kwa kuwa asiye na jamaa angehesabiwa amekwisha angali hai, na mama hakuhitaji mtu wa kumkumbushia ili aligundue kosa langu.

Locke aliliona neno "mtu" kuwa la kisheria, la kumpa mtenda sifa au lawama yake, na hapo ndipo ninapoachana naye kabisa. Kabla ya kuugua, mama alipokea malipo ya mkeka kutoka kwa jirani, na hakuumaliza. Leo hazikumbuki fedha hizo wala jirani mwenyewe. Nyumbani hakutokea hata mmoja wetu aliyedai kwamba aliyezipokea alikuwa mwanamke mwingine. Mkeka huo tunausuka sasa, yeye na mimi. Zimebaki pima 4 za ukili.