Poka ya kiingilio kidogo: acha kutishia wasiotishika

Kaka, umeuliza kwa nini unatolewa mapema wakati unacheza "kwa akili". Ni huko kutishia kwako, yaani kuweka dau kubwa huku karata zako ni dhaifu. Kwenye mashindano ya kiingilio kidogo watu wamekuja kucheza, hawakuja kutupa karata. Mtu mwenye jozi ya saba atakufuata, yaani atalipa dau lako, hadi karata ya mwisho. Ukiwa na mkono mzito, yaani karata nzuri, weka dau kubwa kuliko unavyodhani ni adabu. Watalipa tu.

Halafu kuna saa. Kupewa ree mbili kama karata zako mbili za mwanzo huja kwa wastani mara 1 katika mikono 221, na meza ya kukaa pamoja, si ya mtandaoni, hugawa mikono kama 30 kwa saa. Blaindi, yaani madau ya lazima ya kila mkono, zikipanda kila dakika 15, utazisubiri hizo ree mpaka chipu zikuishie. Ukibaki na chipu 20,000 na blaindi ni 1,000/2,000, achana na kufuata-fuata: weka zote au tupa. Ukiwa kwenye kiti cha mgawaji na wote waliotangulia wametupa, ree na karata yoyote inatosha kuweka zote.

Mkibaki wanne na zawadi ni za watatu, mwenye chipu chache kuliko zako mwache ajimalize kwanza.